Watu wa Mfereji Mmoja

Mwanangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata katika sala nimekuwa nikilizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Ule ujumbe wa kazi ya Mpulungu haukuwa wako peke yako. Yule Mzambia mwenye boti aliandika kwamba anataka mafundi wawili, wewe na Baba Bahati. Mimi ndiye niliyekusomea simu, na nilipokuwa nasoma nilimtoa Baba Bahati mule ndani kama mwiba wa samaki, taratibu, usione hata mahali alipokuwa.

Basi. Nimeandika, na bati la nyumba bado liko juu.

Boti inatoka bandari ya Kalundu kesho saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe umekwenda Kimanga kunyoa nywele na kuwaaga watu wa kanisa, na ninavyokujua utasimama kwa kila mtu. Kutoka hapa kwetu mpaka kwa Baba Bahati ni kuvuka daraja la Mulongwe na kutembea kidogo. Paspoti anayo, mwezi uliopita alikuwa Kigoma kutafuta vipuri. Nimehesabu saa zilizobaki mara nyingi leo na kila mara zinatosha. Ndiyo maana mkono wangu unakimbia hivi. Nilidhani siku ya kukiri nitalia, kumbe nina furaha ya mtoto anayekimbia nyumbani na buletini ya shule yenye alama nzuri, anaogopa tu asije akaanguka njiani.

Najua utatabasamu kuona msichana wa miaka kumi na sita anakuandikia "mwanangu", wewe mwenye ndevu za mvi. Lakini wewe ndiye ulianza. Siku niliyozaliwa ulinipa jina la mama yako, Feza, na kwetu mtu akibeba jina la bibi anabeba na heshima yake. Hujawahi kuniita Feza hata siku moja. Unarudi kutoka ufukoni na grisi mpaka kwenye viwiko, unasimama mlangoni unasema, "Mama, minye mutoto wako niko na njaa." Na mimi, ambaye siwezi kusema neno mbele ya watu watatu, nakujibu palepale: "Nawa kwanza, mwanangu." Mama yangu mzazi namwita mukamwana, mke wa mwanangu, naye hunijibu kwa kunirushia kitambaa cha vyombo.

Mbele ya papa, baba yangu, naona haya. Mbele ya mwanangu nina ulimi. Kwa hiyo barua hii inatoka kwa mama yako.

Mambo ya dawa za malaria, ya sweta, ya kutokunywa maji yasiyochemshwa, hayo nayaacha. Mukamwana wangu amekuambia yote mara tatu, na mengine nadhani ameyashona kwenye begi.

Niache nianze pale moteri, ile injini ya boti, ilipoanguka. Unaikumbuka siku ile, lakini hujui nilivyoiona mimi, nikiwa kwenye kokoto na chakula chenu cha mchana kichwani. Miaka mitatu iliyopita. Wewe na Baba Bahati mlikuwa bado mafundi wa kazi moja, mnakula sahani moja. Mlikuwa mmeibeba ile moteri kubwa mnaitoa kwenye boti, wewe mbele yeye nyuma, mnabishana juu ya mpira wa Jumapili, na mara ikawaponyoka ikazama.

"Weye njo umeachia," ukasema.

"Minye? Angalia mikono yangu, ingali imekunja. Weye njo umeachia."

"Muntu anaachia, kisha anakunja mikono. Ni ufundi gani huo?"

Yule mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekuwa anaanika karibu akasema bila kuinua kichwa, "Basi moteri njo imewaachia ninyi wote wawili." Watu wakacheka. Ninyi hamkucheka. Wavuvi waliitoa kwa nyavu kabla ya jioni, mkaifungua, mkaikausha, ikawaka. Ninyi hamkuwaka tena.

Lakini pipa lilikuwa moja. Lile pipa la chuma mnalolijaza maji na kufungia moteri ukingoni, mnaiwasha mwone kama imepona kabla ya kumrudishia mwenyewe. Hakuna aliyekubali kuliacha, na pipa halikatwi vipande viwili. Mkagawana siku bila kuketi kuzigawana. Wewe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Yeye Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili pipa likapumzika kama Wakristo wengine. Miaka mitatu mmeishi hivyo, mita ishirini kati yenu, na salamu zenu zikawa za kukohoa.

Halafu akaja Mzambia na boti yake ya sukari, moteri moja imekufa. Alifika Jumatatu, akakupa wewe. Jumanne alikuwa na haraka, akamkuta Baba Bahati kwenye pipa, akampa yeye ileile. Siku nne moteri ile ilipita kutoka mikono yako kwenda mikono yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Unafungua kabureta, unakuta ameshaisafisha. Yeye anashika bujii, zile plagi za kuwashia, anakuta umebadilisha mbili na kumwachia ya tatu mahali anapopenda kuanzia. Siku ya nne ikawaka kwa kuvuta kamba mara moja. Mzambia akauliza kwa Kiingereza nani anamwelewa, nawe ukaniita mbele ya ufuko mzima, "Mama, kuja utusaidie."

Nilisimama na kiganja mdomoni. Asubuhi nasoma kwa Kifaransa, jioni kwa Kiingereza, na katika lugha zote mbili mimi ni bubu hodari. Alitaka kujua kwa nini mafundi hawa wawili hawasemezani. Nikatafuta neno. Likaja la shuleni, la Kifaransa, nikalivisha sauti ya Kiingereza nikalisukuma nje: rivals, wapinzani. Akacheka mpaka akashika ubavu wa boti. Akaomba namba yangu ya simu.

Wiki chache baadaye ujumbe ukaingia. Nakuandikia sasa ulivyokuwa, wote. "Mwambie baba yako na rival wake. Ninafungua karakana Mpulungu. Nataka mikono ile minne, si miwili. Mwaka mmoja. Boti yangu itawachukua wote wawili Kalundu." Umeona alivyolitumia neno langu mwenyewe. Na umeona kwamba hakuniomba nikuambie wewe tu.

Ulikuwa unakula. Nikasema, "Anakutaka weye, papa. Mwaka moja, Mpulungu."

Ukaacha ugali. Ukamwita mukamwana wangu, ukamzungusha jikoni na mwiko wake mkononi. Ukaniinua mimi juu kama nina miaka minne. Nikiwa kule juu, kichwa karibu na bati, nilijua nimefanya nini, na nilijua kwamba nikishuka sitasema.

Nilijidanganya kwamba nimefanya kwa ajili yako. Nilijiambia, akisikia jina la Baba Bahati atakataa kwenda, na nafasi itapotea. Labda ingekuwa hivyo. Lakini mama hadanganyi mtoto wake mara mbili, kwa hiyo shika ukweli wenyewe: nilitaka uitwe wewe peke yako. Nilitaka watu wa ufukoni waone nani alikuwa fundi. Na kwa vile hilo neno nililitoa mimi, nilijiona nina haki ya kuamua linabeba nini. Rival ni mpinzani. Mpinzani anashindwa, anabaki. Ndivyo nilivyolijua.

Juzi ulirudi kutoka Kalundu umekunja uso. Ukaniambia nahodha wa boti ya Mzambia amekuuliza, "Mwenzako iko wapi?" nawe ukamjibu uko peke yako, naye akasema yeye ameambiwa wawili. Ukanitazama. "Mama, ile mesaji ilisema je?" Nikasema labda nahodha amechanganya na safari nyingine. Ukasema, "Sawa," ukaenda kunoa wembe. Hukuuliza mara ya pili. Watu wanadhani mwenye haya hadanganyi kwa sababu hasemi mengi. Mimi nakuambia, mwanangu, sisi tunadanganya vizuri kuliko wote, maana tukisema maneno matatu hakuna anayedhani tumepata nguvu ya kuyatunga.

Sasa nifikie jana jioni, ambapo kila kitu kiligeuka.

Mwalimu wa Kiingereza ana desturi: kila wiki anaweka maneno kadhaa ubaoni na tunayafungua kama ninyi mnavyofungua moteri, lilitoka wapi, lilipita wapi, linafanya kazi gani leo. Jana neno la kwanza lilikuwa rival. Niliona kama vile amelisoma kwenye simu yangu. Akachora mfereji, na mashamba mawili pembeni yake. Akasema Warumi wa zamani walikuwa na neno rivus, kijito au mfereji wa maji. Watu wawili wanaopata maji kwenye mfereji mmoja waliitwa rivales. Majirani wa maji. Hiyo tu. Hakukuwa na ngumi ndani yake.

Lakini maji ni maji. Wa juu akiziba, wa chini anakauka. Wakagombana, na neno likaanza kunuka ugomvi. Warumi haohao wakaanza kulitumia hata kwa wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja, na hapo vijana wa nyuma wakapiga miluzi. Likaingia Kifaransa, likaingia Kiingereza, likiwa limeshakunja uso. Hata hivyo mwalimu akasema Kiingereza cha kale kiliwahi kulitumia kwa maana ya mwenzi, mtu mnayeshika zamu moja.

Zamu. Papa, niliposikia zamu niliinua mkono.

Ndiyo, mimi. Mwalimu mwenyewe alisahau chaki hewani. Nikasema, basi river na rivière ni ndugu wa rival. Akasema hapana, Feza, watu wengi wanakosea hapo; river imetoka kwenye neno jingine, la ukingo, la ufuko. Na kutoka kwenye ufuko huohuo limetoka arrive, na arriver ya Kifaransa: kufika ni kugusa ukingo wa maji. Darasa likacheka kosa langu. Nikangoja ile aibu ije ininyonge kama kawaida. Haikuja. Nikacheka nao. Nilikuwa nimekosea kwa sauti, mbele ya watu ishirini, na nilikuwa bado hai, na juu ya hayo nimepata neno la bure la kumpa mwanangu anayesafiri kwa maji.

Niliporudi sikuona njia. Nilikuwa nafikiria mfereji wa Luberizi.

Ile hadithi ulinipa wewe. Mama yako, Feza wa kwanza, alilima mpunga katika bonde la Ruzizi, na shamba la chini lilikuwa la mama mmoja mliyemwita Mama Nyota. Maji yalikuwa kwa zamu. Kiangazi kimoja Feza aliziba mfereji kwa tope na gogo la mgomba siku ambayo haikuwa yake. Gogo ulilileta wewe, ulikuwa na miaka saba, ukidhani ni mchezo. Mpunga wa Mama Nyota ukageuka njano. Alimshuku, wakaacha kusalimiana. Kisha Feza akaugua mguu, miezi miwili kitandani, na kila zamu yake ilipofika Mama Nyota alikwenda kufungua maji yaingie shamba la mgonjwa, akakaa pale mpaka yajae, akarudi kwake bila kubisha hodi. Mliona tu mpunga umesimama kijani. Uliponisimulia ulisema, "Mama hakumwambia kamwe kwamba ni yeye aliziba. Ile ilimukula mpaka kufa."

Nimebeba jina lake. Kwa desturi yetu naweza kusema: mimi niliziba mfereji ule. Nilikutuma mtoto mdogo uniletee gogo, na nikafa bila kusema. Sasa nimeziba mwingine. Nilichojifunza katika maisha mawili ni hiki, wala si kikubwa: maji uliyozuia hayatulii, yanakusubiri mlangoni.

Na usiku kucha nimekuwa nikifikiria pipa. Umewahi kulikuta tupu? Fikiri vizuri. Miaka mitatu, wewe humsalimii, yeye hakusalimii, na kila Jumatatu umelikuta limejaa maji safi, mafuta yametolewa juu kwa kitambaa. Nawe kila Jumatatu jioni, umechoka hujiwezi, unachota ndoo kumi na mbili ziwani kumjazia mtu unayesema hana akili. Nilikuuliza mara moja kwa nini usimwache ajaze mwenyewe. Ukasema, "Muntu hawezi kukuta pipa wazi bila maji asubuhi, ni vibaya." Hukusikia ulichosema, na mimi sikusikia pia. Ilibidi nifundishwe na Warumi.

Kuna namna nyingine neno hili linatumika, nataka uende nayo. Kwa Kiingereza unaweza kusema kazi ya huyu ina-rival ile ya yule, maana yake zinakaribia kulingana. Huwezi kulisema kwa vitu vilivyoachana mbali. Ni lazima kwanza viwe karibu. Na kuna unrivalled, asiye na wa kushindana naye. Hilo ndilo nililokutakia mimi. Jana nililitazama tena nikaona ni mtu amesimama kwenye mfereji hana jirani, na ukizibika hakuna wa kumfungulia.

Huko Mpulungu utasikia maneno mengi utakayodhani unayajua kwa sababu yanafanana na ya Kifaransa. Uliza. Mimi nililitumia hili kama koti la kuazima, sikuwahi kutia mkono mifukoni. Sema hujaelewa, sema tena, wacha wacheke. Nimejaribu jana tu, na sijui kwa nini nilikaa miaka yote hii naogopa kitu kidogo hivyo.

Sasa lililobaki ni gumu, na ni lako. Unaweza kukasirika na mimi. Unaweza kurarua karatasi hii, upande boti peke yako, na hakuna atakayejua ila nahodha mwenye kitanda kimoja kitupu. Unaweza hata kukataa safari, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, maana nimeona ulivyokunja nguo zako, ukazikunjua, ukazikunja tena. Sitakuambia la kufanya. Nakuambia tu kwamba mtu yule ng'ambo ya mto anajua una safari, watu wamemwambia, naye amefikiri uliombwa wewe na yeye akasahauliwa. Hata hivyo leo ni Jumamosi, siku yake, na nilipopita mchana nilimkuta anasugua pipa. Akanisalimu, "Bibi Feza, mutoto wako anaenda kesho?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mwambie ile moteri za kule ni nzee, abebe bujii za kutosha." Kisha akaendelea kusugua.

Nimekuja mbio kuandika.

Ukienda kwake usianze na ile iliyozama. Mtakesha hapo, na boti haingoji. Anza na mimi. Hapana, hata hilo liache, wewe simama kando tu. Nitasema mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kiganja mdomoni: Baba Bahati, uliitwa, ni mimi nilikuzibia. Kisha nitamsomea ujumbe kama ulivyo, mikono minne, na nitanyamaza nisikie atakavyosema. Akinitukana itakuwa haki yake. Akitaka kufunga begi, mukamwana wangu ana kamba.

Kivuli cha mlima kimeshafunika nyumba, ng'ambo ya ziwa, Bujumbura, bado kuna jua. Pikipiki imesimama nje. Nasikia unamwambia dereva ampelekee mke wake salamu, kisha miguu yako kwenye changarawe, kisha unamwuliza mukamwana wangu niko wapi, naye anasema ndani, anaandika tangu saa tisa, sijui barua ya nani. Mkono wangu wa kushoto umekwenda wenyewe kulivuta kaye, daftari langu la shule, juu ya karatasi. Nimeurudisha. Iko wazi hapa mezani, unaweza kuisoma hata ukiwa mlangoni.

Ingia, mwanangu. Usivue viatu. Mimi nimeshavaa vyangu.